Tairi la theluji kwenye lami ya Mwanza

Theluji ya Tanzania iko Kibo, na hakuna gari linalopanda huko. Tairi la theluji, hata hivyo, unalikuta Buzuruga, Igoma na Mkolani, limefungwa kwenye IST iliyotoka bandarini juzi au limeegemezwa ukutani kwenye banda la fundi pancha. Ubavuni lina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, au neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Dalali anasema ni tairi zima, kashata bado. Fundi wa kwanza anasema mpira wake ni laini, kwa hiyo mvua zikianza litashika vizuri. Fundi wa pili anasema ulitoe kabla hujafika Misungwi, maana litapasuka. Wote watatu wana sehemu ya ukweli, na hapo ndipo mwenye gari anapochanganyikiwa. Fedha yake imeishia kwenye ushuru na usajili, na matairi manne mapya ni gharama ambayo angependa kuisogeza mbele kama kuna mtu mwenye ujuzi atakayemruhusu.

Lilikotoka

Japani ni nchi ndefu. Okinawa haina habari na theluji, lakini Hokkaido, Aomori, Akita na Niigata huishi nayo miezi kadhaa kila mwaka. Mpaka miaka ya 1980 madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Yalishika barafu barabara, ila siku theluji ilipokosekana misumari iliitafuna lami na kutimua vumbi lililowasumbua wakazi wa miji kama Sendai na Sapporo. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyadhibiti, na viwanda vikahamishia nguvu kwenye tairi la theluji lisilo na misumari. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak mwaka 1988. Leo kuna pia iceGUARD la Yokohama, Winter Maxx la Dunlop, Observe la Toyo na X-Ice la Michelin. Ukisoma mojawapo ya majina hayo ubavuni, huhitaji kuutafuta mchoro wa mlima.

Mkazi wa mikoa hiyo huwa na seti mbili, ya baridi na ya kiangazi, na huzibadilisha kadiri msimu unavyogeuka. Anapouza gari hana sababu ya kuacha seti iliyo nzuri zaidi. Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Mwanza haambiwi: tairi la theluji la Kijapani lina alama mbili za kuchakaa. Ya kwanza hujitokeza mifereji ikifika nusu ya kina chake, na kuanzia hapo tairi halihesabiwi tena kuwa la theluji. Ya pili ni ile ya milimita 1.6, ambapo tairi lolote linatakiwa kuondoka barabarani. Jipya huanza na mifereji ya milimita 8 hadi 10. Likistaafu nusu ya safari, bado lina milimita 4 au 5, na kina hicho huku kwetu kinaitwa uzima. Macho hayaoni kasoro, kwa sababu kasoro haiko kwenye kina.

Wapo wanaojitetea kwamba gari lilipita ukaguzi kule kwao. Ukaguzi wa lazima wa Japani huangalia kina cha mifereji. Umri wa tairi hauulizwi, wala hakuna anayekatazwa kutembelea tairi la theluji wakati wa joto.

Linavyofanya kazi, na linavyoshindwa

Mpira hubadilika kulingana na joto. Tairi la kawaida huanza kukakamaa hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na kwenye barafu linakuwa gumu kiasi cha kutoshika kitu. Tairi la theluji huchanganywa kwa namna ya kubaki laini hata chini ya sifuri. Juu ya kila kashata kuna mikato myembamba, mingi, kama iliyochanjwa kwa wembe. Gari likienda, mikato hiyo hufunguka na kung'ata barafu. Katika baadhi ya matairi mpira una vitundu vidogo mno vinavyofyonza ule utando wa maji unaoifanya barafu iteleze. Mifereji yake mipana nayo ina kazi yake: theluji hujishindilia humo, na kwa kuwa theluji hushikana na theluji, tairi lililojaa theluji linashika kuliko lililo safi.

Sasa lipeleke tairi hilo Barabara ya Kenyatta saa nane mchana. Hewa ya Mwanza mchana huwa nyuzi 27 hadi 30, na lami nyeusi iliyopigwa na jua inaweza kupita nyuzi 50. Hata usiku wa Julai, joto hapa hucheza karibu na nyuzi 15. Mpira uliotengenezwa usikakamae kwenye baridi unakuwa laini kupita kiasi. Dereva akikanyaga breki, kashata zenye mikato mingi hujikunja badala ya kusimama wima na kubana lami, gari linakwenda mbele zaidi kabla ya kusimama, na usukani unakuwa mlegevu kwenye kona. Kujikunja kule huzaa joto, na joto huongeza kuisha. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, kimeonyesha jambo hilo katika majaribio yake mara nyingi kwenye lami kavu yenye joto. Majaribio ya JAF, chama cha madereva wa Japani, yanaongeza linalotuhusu zaidi sisi wa kanda ya ziwa: kwenye lami iliyolowa pia, tairi la theluji huchelewa kusimama kuliko la kawaida. Hoja ya fundi wa kwanza, kwamba ulaini utasaidia kwenye mvua, inaanza kulegea hapo.

Wenye theluji yao wenyewe wanalijua hili. Quebec, Kanada, imelazimisha matairi ya theluji tangu 2008, lakini siku hizi ni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi tu. Ujerumani sheria yake ya 2010 inafuata hali ya barabara, na tangu Oktoba 2024 inatambua tairi lenye mchoro wa mlima na chembe ya theluji pekee. Mtanzania anayehamia Minneapolis au Toronto hufundishwa mapema kwamba bila tairi hilo hatatoka kwenye maegesho mwezi wa Januari. Baadaye hufundishwa kulivua. Wanaolihitaji kuliko mtu yeyote hulifungua jua likianza kuchoma. Huku jua halina likizo.

Kuhusu alama ya M+S, pasiwe na pupa. Herufi hizo zinataja tope na theluji, lakini kiwanda huziweka kwa kuangalia umbo la mifereji, bila jaribio lolote la lazima. Matairi mengi ya Land Cruiser na Hilux yenye kashata kubwa yana M+S na yanafaa kabisa kwa joto. Anayetupa kila tairi lenye M+S anatupa na mazima. Kinachoonyesha tairi la theluji hasa ni mchoro wa mlima, neno STUDLESS au jina la aina yenyewe.

Barabara tatu katika mkoa mmoja

Ubishi mwingi kuhusu matairi hapa Mwanza unatokana na kila mtu kuwa na barabara yake kichwani. Yupo anayeishi Isamilo na kufanya kazi mjini. Mwendo wake ni kilomita 40 kwa saa, foleni, milima mifupi mikali na barabara za mawe. Adui yake ni mvua ya kwanza ya vuli, pale vumbi na mafuta ya miezi ya kiangazi yanapochanganyika na maji, na mchanga wa milimani unaposombwa hadi kwenye lami karibu na Mabatini na mto Mirongo. Kwake tairi la theluji ni baya kiasi. Litaisha mapema na litachelewa kusimama kidogo, lakini halipati nafasi ya kuchemka.

Wa pili ni dereva wa mchomoko, Probox au IST inayobeba wanne nyuma na wawili mbele pamoja na mizigo, kuelekea Shinyanga kwa njia ya Usagara au Bunda kwa njia ya Magu. Mwendo kasi, uzito, jua na umbali vyote vinamkuta kwa pamoja. Huyu ndiye fundi wa pili alikuwa anamfikiria. Kundi lake linajumuisha pia gari jipya kabisa la mtumba, kwa kuwa safari yake ya kwanza nchini ni kutoka bandarini Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100, na mara nyingi dereva anayelileta ana haraka.

Wa tatu yuko rafu rodi: Buchosa, Ukerewe, Kwimba. Ndiye anayeitwa kutoa ushahidi kila tairi la theluji linaposifiwa, eti mifereji mipana ni dawa ya tope. Wasukuma wana majina ya udongo wao, na yanasaidia hapa. Kwenye luseni, udongo wa mchanga, karibu tairi lolote lenye kashata hupita. Kwenye mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaonata, mambo hugeuka. Theluji iliyojaa kwenye mfereji husaidia kushika theluji ya chini, lakini mfinyanzi uliojaa kwenye mfereji hulifanya tairi kuwa duara laini la tope. Tairi la matope hutengwa kashata mbali mbali ili lijitemee udongo linapozunguka. Mikato myembamba ya tairi la theluji haitemi kitu. Sifa yake ya tope, kwa mbuga zetu, imezidishwa.

Hoja ya kwanza: la Japani ni la Japani

Wanaolitetea tairi la theluji la mtumba hutetea hasa mahali lilikotengenezwa. Wanasema nyuzi zake za ndani ni imara, halivimbi ovyo, na kwa bei ya jipya moja la kiwango cha chini unapata mawili. Hoja hiyo ina uzito. Ujenzi wa tairi una maana kubwa, na mtu mwenye kipato kidogo akiambiwa anunue jipya tu, mara nyingi anaishia kubaki na kipara alichonacho. Tairi la theluji la miaka mitatu lenye milimita 5 linakishinda kipara kwenye mvua bila ubishi.

Udhaifu wake ni umri. Shika tairi mojawapo kwenye rundo na usome: 185/65R15 88Q, na kwenye kijiduara cha mwisho wa msimbo wa DOT, tarakimu 4416. Namba 88 inaonyesha linabeba kilo 560. Herufi Q ina maana mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, wakati tairi la kawaida la saizi hiyo mara nyingi lina S, T au H, yaani 180, 190 au 210. Hakuna anayeruhusiwa kufika huko nchini, lakini herufi hiyo ni kipimo cha jinsi tairi linavyostahimili joto, na Q iko chini. Tarakimu 4416 zinasema lilitengenezwa wiki ya 44 ya mwaka 2016, msimu wa baridi ulipokuwa unakaribia. Tangu siku hiyo mpira umekuwa ukikakamaa kwa hewa na jua, hata kama lilikuwa limelala ghalani. Watengenezaji wengi hutaka tairi likaguliwe kila mwaka likishapita miaka mitano, na kumi ndiyo wanayoiweka kuwa mwisho. Ule ulaini uliosifiwa ulikuwepo likiwa jipya. Katika baadhi ya matairi haya mpira maalumu uko kwenye nusu ya juu tu, na hiyo nusu imebaki Japani. Anayelinunua hapa kwa ajili ya ulaini mara nyingi anapata mpira mgumu wenye mikato iliyoanza kupasuka kwa chini.

Hoja ya pili: bora jipya, hata la bei ya chini

Wa upande huu husema jipya lina tarehe ya karibu, linapatikana kwa saizi na uzito sahihi, na limetengenezwa kwa joto. Kwa kiasi kikubwa wana haki. Lakini upya wenyewe hautoshi. Tairi linaweza kuwa jipya na likawa limekaa miaka juani mbele ya duka. Pia matairi mapya hutofautiana sana kwa kushika lami iliyolowa: Ulaya kila tairi jipya la gari dogo hubandikwa lebo inayolipa daraja kuanzia A hadi E kwa hilo, na pengo kati ya juu na chini ni la mita nyingi za kusimama. Mnunuzi wa Mwanza mara chache anaiona lebo hiyo, kwa hiyo hulinganisha bei na jina tu.

Zamani tungesema tuna kipimo chetu. General Tyre ya Arusha ilijengwa tangu 1969, ikafunga uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000, na mipango ya kuifufua imesikika mara nyingi kuliko mashine zake. Nairobi nako, kiwanda kilichotengeneza matairi ya Yana chini ya Sameer Africa kilifungwa 2016. Viwanda hivyo viwili vilijua lami ya Afrika Mashariki ilivyo. Siku hizi tunachagua kati ya kilichotengenezwa kwa soko la kila mtu na kilichotengenezwa kwa majira ya baridi ya mtu mwingine.

Hoja ya tatu: tairi linaonewa

Madereva wazoefu wana jibu lao: tairi halipasuki lenyewe. Linapasuka kwa upepo mdogo, mzigo uliozidi na mguu mzito. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote.

Upepo ukipungua, ubavu wa tairi hujipinda kila mzunguko na kuchemka. Kwenye maji upepo mdogo una madhara mengine. Utafiti wa NASA wa 1963, uliofanywa kwa ajili ya matairi ya ndege, ulitoa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo kukadiria mwendo ambao tairi lisilo na mifereji huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama. Kwa upepo wa PSI 30 ni karibu kilomita 90 kwa saa, na kwa upepo wa 20 inashuka hadi karibu 75. Mifereji mizuri husukuma kikomo hicho juu, na kipara hakina cha kusukuma. Dereva anayeserereka karibu na Kisesa wakati wa masika akilaumu lami kwa kawaida alikuwa ameshaipita namba yake.

Uzito nao una hesabu yake. Probox ya mizigo hutoka kiwandani na tairi la LT, na la saizi ya 155/80R14 huandikwa 88/86N, kilo 560 kila moja, kwa upepo mkubwa kuliko wa gari dogo. Mmiliki akilibadilisha kwa tairi la kawaida la 175/65R14 lenye namba 82, kila gurudumu limepoteza kilo 85, na gari zima kilo 340. Hapo bado abiria wa sita hajapanda. Likiwa na mchoro wa theluji juu ya hayo, joto la mpira laini linaongezeka kwenye joto la uzito.

Hoja hii inakosea pale inapotaka kufuta nyingine. Kwamba upepo una umuhimu haimaanishi aina ya tairi haina. Dereva makini hupunguza hatari ya tairi lisilofaa, ila siku mtoto anapokatiza barabara Nyakato, zile mita tatu au nne za ziada hazimuulizi ana uzoefu wa miaka mingapi.

Hoja ya nne: lipigwe marufuku

Marufuku ina mvuto wa urahisi. TBS ikague bandarini, tairi lenye mchoro wa mlima litolewe, basi. Faida yake ni kwamba inamlinda abiria, ambaye hachagui tairi la mchomoko anaopanda. Ubaya ni kwamba ikigusa alama tu, itamnyang'anya mwenye IST ya Isamilo tairi la miaka miwili na kumwachia jirani yake tairi la kawaida la miaka kumi na mbili. Halafu gari likitolewa matairi manne bandarini, mwenye nalo asiye na fedha atafunga chochote kinachopatikana nje ya geti, na hicho hakina mkaguzi.

Mizani

Nikiyapima haya, swali la theluji naliweka nafasi ya tatu. La kwanza ni umri, kwa sababu unaharibu kila aina ya tairi na unasomeka kwa tarakimu nne bila mashine yoyote. La pili ni uzito ulioandikwa ubavuni ukilinganishwa na kazi ya gari. Hapo ndipo inafuata aina, na uamuzi unategemea barabara ya mwenye gari. Kwa safari ndefu na kwa gari lolote la abiria au mzigo, tairi la theluji litolewe hata likiwa na kashata nzima: kuokoa fedha hapo ni kukopa kwa riba ya abiria. Kwa mizunguko ya mjini, la umri mdogo linaweza kumaliza miezi yake wakati mwenye gari anajipanga, mradi upepo unapimwa tairi likiwa la baridi. Kwa mbuga, litafutwe tairi la matope lenyewe.

Marufuku ya mchoro siipendi, lakini kikomo cha umri kwa magari ya abiria kingetekelezeka kesho. Trafiki wa Usagara anayesimamisha gari kuangalia stika anaweza kusoma 4416 kwa muda ule ule, na LATRA ingeweza kulifanya sharti la leseni.

Kimebaki kisa cha mwenye fedha ya matairi mawili tu, ambaye ndiye mteja wa kawaida wa maduka haya. Mafundi wengi humfungia mapya mbele, kwa maelezo kwamba mbele ndiko kwenye usukani na ndiko yanakoisha haraka. Gari linabaki na matairi ya theluji yaliyochoka nyuma, na kwenye kona iliyolowa mkia ndio unaotangulia kuserereka. Mbele ikiteleza, gari hunyooka na dereva hupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari hugeuka lenyewe, na wachache wanaweza kulirudisha. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi hushauri mawili yaliyo bora zaidi yafungwe nyuma, hata kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Fundi akibisha, mteja amwombe ahamishe tu. Kazi hiyo haimalizi nusu saa.